Fainali Asiyoikumbuka Nahodha

Kambini, 3 Machi

Gundi ndugu yangu,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, shemeji hajambo, na mgongo wako umekuachia walau ulale. Huku sote wazima.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Sababu ni mbili. Kwanza, nimepiga marufuku simu kambini, na sheria niliyoitunga mwenyewe siwezi kuwa wa kwanza kuivunja. Pili, waandishi wa habari wamekuwa kama inzi. Neno likipita kwenye simu leo, kesho liko gazetini.

Tumewekwa katika chuo cha zamani cha ualimu. Ubao mweusi wa chumba changu ndio ninaochorea mifumo ya uchezaji. Vitanda ni vifupi. Beki wangu wa kati, yule kijana tunayemwita Twiga, analala miguu ikiwa juu ya kiti. Kila asubuhi kiti kimeanguka, na wenzake wanampigia makofi kana kwamba amefunga bao.

Hali yenyewe iko hivi. Imebaki mechi moja, tarehe 29, nyumbani. Tukishinda tunafuzu. Sare haitoshi. Nchi haijafuzu tangu mwaka ule wa kombe letu, mimi nikiwa nahodha na wewe golini, na ni miaka ishirini na miwili sasa. Mwenyekiti wa shirikisho kila akinishika mkono ananitajia ile fainali. Nina miezi minane katika kazi hii, na sidhani kama nitapewa wa tisa tusipofuzu.

Nina ombi. Njoo ukae nami benchi siku ya mechi, na ikiwezekana uje kambini wiki moja kabla. Tutakuita kocha msaidizi wa makipa. Nataka pembeni yangu mtu mmoja ambaye sina haja ya kumpimia maneno.

Wako,
Nguzo

*

Stoo ya hospitali, 6 Machi

Nahodha,

Barua yako imefika, mhuri na kila kitu. Mke wangu ameipokea kwa mikono miwili akidhani ni ya mahakama.

Mimi nipo, bado nashika glovu. Ila siku hizi ni zile nyembamba za madaktari, mia kwa boksi, na kazi yangu ni kuhakikisha hazipungui. Niliyedaka penalti za watu wazima, leo nagombana na wauguzi juu ya sabuni na mashuka. Maisha bwana.

Kuhusu kuja benchi: si uliniuliza Januari, tena kwa simu, nikakwambia stoo haina mtu mwingine? Ukasema, "Basi, kaa na glovu zako." Au unanijaribu kama nitabadili jibu? Sijabadili. Hata hivyo nimecheka kuona umerudi tena. Ung'ang'anizi wako nauona tangu enzi zile.

Vijana wako wana hofu, nawasikia kwenye redio. Wachekeshe kidogo. Wape ile ya vidole. Kama umesahau namna ya kuisimulia, hii hapa: fainali, dakika ya arobaini, kona. Natoka golini kuupiga mpira ngumi, mpira naukosa, kichwa chako sikikosi. Unaanguka kama gunia. Daktari anaingia mbio, anachuchumaa, anakuuliza, "Tunacheza na nani? Matokeo ni ngapi? Kipindi cha ngapi?" Wewe unamtazama kama anayekuuliza njia ya kwenda mwezini. Mimi nimesimama nyuma ya mgongo wake, nanyoosha vidole: viwili kwa kimoja. Halafu kimoja, kipindi cha kwanza. Halafu naonyesha jezi ya mpinzani. Unajibu yote sawasawa, daktari anaandika "yuko timamu", unarudi uwanjani, tunabeba kombe. Harusi ngapi nimekula bure kwa hadithi hiyo!

Nisalimie shemeji. Bado anakuficha funguo za gari?

Gundi

*

Kambini, 12 Machi

Gundi ndugu yangu,

Salamu nyingi. Natumaini wote hamjambo.

Ile ya vidole niliwasimulia majuzi, tarehe 9, wakati wa chakula. Walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni. Daktari wetu, ambaye ni mwanamke na hana mchezo, hakucheka. Aliweka kijiko chini akaondoka.

Kesho yake mazoezini Twiga aligongana kichwa na mshambuliaji wetu. Alikaa chini kidogo, akainuka mwenyewe. Daktari alitaka nimpumzishe siku ishirini na moja. Nikamwambia ampime kwanza. Jana amempima. Ana utaratibu wake: anakutajia maneno matano, mnazungumza mambo mengine dakika kumi, kisha unayarudia. Twiga ameyarudia yote bila kukwama. Nimefurahi, kwa kuwa bila yeye sina mtu wa kurukia mipira ya juu, na wale wanaokuja wana mshambuliaji kama nguzo ya umeme.

Sijui kama nilikwambia, tumewekwa katika chuo cha zamani cha ualimu. Vitanda ni vifupi. Twiga analala miguu juu ya kiti, na kila asubuhi kiti kikianguka wenzake wanampigia makofi kana kwamba amefunga bao.

Sasa, nakuandikia hasa kwa jambo moja ambalo nimelifikiria kwa muda. Ungekubali kuja kukaa nami benchi tarehe 29? Nataka mtu ambaye sina haja ya kumpimia maneno. Najua una kazi, lakini sijawahi kukuomba kitu.

Wako,
Nguzo

*

Stoo ya hospitali, 15 Machi

Nahodha,

Barua hii nimeianza mara nne. Nilidhani nitaandika mzaha, mzaha umekataa kuja.

Nimeziweka barua zako mbili mezani, ile ya tarehe 3 na ile ya tarehe 12. Kitanda, kiti na makofi vimo katika zote mbili. Ombi la benchi limo katika zote mbili, na Januari uliniomba kwa simu. Na wewe unaandika hujawahi kuniomba kitu.

Nikajiambia ni uchovu. Kisha nikampigia shemeji. Usimkasirikie, mimi ndiye niliyembana. Funguo anakuficha kweli, wala si utani kama nilivyodhani. Mwezi wa kumi na moja ulisimamisha gari kwenye makutano ukamuuliza tunakwenda wapi. Anasema tangu hapo shajara yako huiachi hata ukienda kuoga. Unaandika kila kitu: nani kasema nini, saa ngapi, umemjibu nini. Zamani uliandika kwa kupenda. Sasa unaandika ili kesho ujue.

Hapa kwetu kuna daktari wa mambo ya kichwa. Nilimpelekea mashuka ofisini, nikamuuliza bila kutaja jina. Mtu aliyepiga mipira ya kichwa miaka kumi na minne, mtu aliyezimia mara kadhaa na kurudi uwanjani dakika hiyohiyo. Hakuniacha nimalize. Akauliza, "Huyo mtu ana nani karibu yake?"

Sasa nikwambie jambo nililolificha miaka ishirini na miwili. Kipindi cha pili cha fainali uliniuliza mara tatu tunashambulia goli lipi. Mara ya tatu nilikugeuza mwenyewe kwa mabega. Baada ya mechi, kwenye basi, kombe liko mapajani pako, ukaniuliza tumeshinda ngapi. Nikakutajia. Ukacheka ili nidhani unatania. Kesho yake nikakusimulia mechi nzima, na wewe ukaishika.

Mwezi uliopita nilikusikia redioni ukisema, "Kipenga cha mwisho kilipolia nilimtazama kipa wangu machoni, nikajua maisha yetu yamebadilika." Nguzo, hilo nililiongeza mimi harusini kwako ili wakwe zako wafurahi. Hatukutazamana. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi, jezi imejaa udongo, nalia. Fainali ile huna. Unayo yangu.

Ngumi ilikuwa yangu. Vidole vilikuwa vyangu. Nimeifanya kichekesho kwa sababu nisingeweza kuibeba kwa namna nyingine.

Benchi nakuja ukinihitaji. Lakini kwanza mwambie daktari wako.

Gundi

*

Kambini, 18 Machi

Bwana,

Barua yako ya tarehe 15 nimeipokea.

1. Nimeichezea nchi hii mechi sitini na nane. Nimefundisha timu ya shule, kisha ya magereza, kisha klabu iliyotwaa ubingwa mara mbili. Hakuna aliyenishika mabega kunionyesha goli.

2. Mtu mwenye kazi nyingi hurudia maneno. Hilo si ugonjwa.

3. Kuzungumza na mke wangu nyuma ya mgongo wangu, zikiwa zimebaki siku kumi na moja kabla ya mechi, ni jambo ambalo sikulitegemea kwako.

4. Ukitaka kujisamehe, tafuta mtu mwingine wa kukusaidia.

Tafadhali usiandike tena kambini. Ombi la benchi, kama nililitoa, nimelifuta.

Kocha Mkuu, Timu ya Taifa

*

Stoo ya hospitali, 20 Machi

Nahodha,

Nimekusikia. Ya kwako nayaacha.

Naandika juu ya Twiga tu. Umewasimulia vijana namna ya kumdanganya daktari, wakacheka. Kesho yake mmoja wao kagongwa kichwa. Keshokutwa yake kafaulu bila kukwama hata neno moja. Mimi nilikuwa kwenye kikosi kama hicho, na ninajua tulivyokuwa tukipendana.

Muulize daktari alimpimia wapi, na nani mwingine alikuwamo chumbani. Basi.

Gundi

*

Kambini, 25 Machi

Gundi,

Nilikaa na barua yako siku mbili bila kuijibu. Jana nikamuuliza daktari. Alimpima Twiga kwenye chumba cha kuchulia misuli. Alikuwamo pia beki wa kushoto, ambaye alikuwa amefungwa plasta kwenye kifundo cha mkono.

Nikamwita beki wa kushoto. Ni kijana mwenye maneno mengi, lakini kwangu aliingia mikono ikiwa nyuma. Nikamwambia, "Nionyeshe mkono." Akasema, "Kocha, plasta ile nilishaitupa." Nikasema, "Plasta ipi? Mimi nimeomba mkono." Akakaa chini, akasema yote. Yeye alipimwa wiki iliyotangulia, na daktari hutumia maneno yaleyale. Kiti, maji, kalamu, ndizi, barabara. Aliyaandika kwenye plasta yake, akakaa mahali ambapo Twiga angeyaona.

Nikaanza kumfokea. Nilimwambia amehatarisha maisha ya mwenzake, na kwamba anafunga mizigo leo hii. Akanitazama kwa mshangao, si kwa woga. Akasema, "Lakini Kocha, si wewe uliyenituma?"

Nilimfukuza chumbani. Nikafungua shajara. Nanakili ilivyo:

"10 Machi, Jumatano. Saa kumi na moja jioni Twiga amekuja chumbani. Anasema taa anaziona zina ukungu, na ametapika mara mbili. Nimemwambia asimweleze mtu. Nimemwita beki wa kushoto, nimemwambia amsaidie kesho kwa daktari, ajue mwenyewe namna. Mambo yatakuwa sawa. Bila Twiga hatufuzu."

Mwandiko ni wangu. Hata ile tabia yangu ya kupigia mstari neno la mwisho, ipo. Gundi, sikumbuki. Nimeisoma mara kumi na sikumbuki kiti alichokalia, sauti yake, wala sura yake. Kama ningekuwa nakumbuka na ninaona aibu, ingekuwa afadhali. Nimesoma kama mtu anayesoma habari ya mtu mwingine muovu.

Halafu nikakubali mambo yako yote kwa mpigo: goli, mabega, basi. Fainali nimeitafuta kichwani asubuhi nzima. Najua kila dakika, lakini katika kila picha ninajiona mimi mwenyewe, kwa mbali, nikikimbia. Najiona kama kipa anavyomuona beki wake, kwa mgongo.

Niliyoyafanya ni haya. Saa nane nimemwonyesha daktari ukurasa huo. Saa tisa Twiga ameondolewa kwenye kikosi. Alilia, tena kwa hasira. Akasema, "Wewe si ulipigwa ukarudi uwanjani, ukabeba kombe? Kwa nini mimi nisirudi?" Nilitaka kumjibu ukweli, kwamba sikulibeba mimi, alilibeba mwili wangu tu. Lakini wenzake walikuwa mlangoni. Nikamwambia, "Kwa sababu nimesema." Akaniita mwoga. 

Mwenyekiti wa shirikisho amenipigia simu ya ofisini mara tatu. Anasema kama kijana anatembea basi anaweza kucheza, na kwamba tukifungwa kwa mpira wa juu nisimtafute.

Daktari amenipima na mimi. Maneno matano, mengine, si yale. Nimepata mawili. Amesema baada ya mechi niende hospitali, na kwamba siku ya mechi nisikae benchi bila mtu wa kuniangalia: nani ana kadi, nani tumeshamtoa, tumebakiza mabadiliko mangapi. Niliyemfikiria ni mmoja.

Najua nimekuomba, sijui mara ngapi, na kwamba nimekufukuza. Nakuomba tena.

Nguzo

*

Stoo ya hospitali, 26 Machi

Nguzo,

Nimeomba likizo ya siku tano. Bosi kaniuliza ya nini, nikamwambia nimeitwa timu ya taifa. Kacheka mpaka kaweka sahihi bila kusoma. Nafika kesho kwa basi la asubuhi.

Gundi

*

Nyumbani kwa mama, 20 Aprili

Kocha,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu mama amesimama hapa mlangoni, si kwa sababu naisikia moyoni. Yeye ndiye aliyesema nikuandikie. Alisema niandike ya shukrani. Nimemwambia nitaandika, sikumwambia ya nini.

Nimesoma gazetini kwamba umejiuzulu "kwa sababu za kiafya". Hapa mtaani wanacheka. Wanauliza, afya gani, mbona mwendo wako bado ni wa mwanajeshi? Wengine wanasema yule mzee uliyekaa naye benchi, yule aliyekuwa akikunong'oneza sikioni kila dakika, ndiye aliyekushauri uniondoe, na ndiye aliyekuwa akiendesha timu. Kama ni kweli, mpe salamu zangu, za aina unayoijua.

Nilikaa jukwaani, safu ya tatu, karibu na ngazi. Nilivaa suti ya timu. Pembeni yangu alikaa daktari, eti kunisindikiza. Nilimpa mgongo. Mvua ilianza dakika ya kumi na nane ikakatika dakika ya thelathini. Beki wa kushoto alifunga kamba za viatu mara mbili kipindi cha kwanza, na anafanya hivyo akiwa na hofu. Tulikosa bao dakika ya arobaini na nne, mpira ukagonga mwamba, mama mmoja mbele yangu akatupa mwavuli wake chini.

Halafu dakika ya sitini na saba. Kona, upande wa kulia. Niliona kabla haijapigwa. Yule mshambuliaji wao mrefu alirudi hatua tatu, akamvuta mbadala wangu, kisha akageuka. Mbadala wangu akaruka amechelewa, nusu sekunde tu. Nilisimama. Nililiita jina lake kwa sauti mpaka koo likauma. Mpira uliingia kwenye kona ya chini, mkono wa kushoto wa kipa. Mpira ule ulikuwa wangu, Kocha. Ningeurukia. Ningeupiga kichwa mpaka ukatoke nje ya uwanja.

Najua utasema nilikuwa mgonjwa. Ni kweli nilitapika tena wiki ile, na siku mbili sikuweza kutazama dirishani. Ilipita. Sasa siumwi, nimeanza kukimbia asubuhi, na klabu inaniita mwezi ujao. Lakini mechi kama ile hairudi. Nina miaka ishirini na mitatu. Wewe ulipewa ya kwako ukaicheza mpaka mwisho, nchi nzima inaiimba. Ya kwangu uliniketisha niitazame.

Baada ya kipenga, bao lile moja likiwa limetutoa, wachezaji walilala chini. Wewe ulisimama karibu na mstari, mikono nyuma, ukatazama jukwaani kana kwamba unatafuta mtu. Ukaniona. Ukainua mkono. Mimi sikuinua wa kwangu, nikaangalia pembeni, na ninajua uliona.

Mama ananiuliza kwa nini barua ya shukrani inakuwa ndefu hivi. Namalizia. Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Kila dakika ya siku ile ninayo: mvua, mwavuli, kona, mkono wako. Nikilala ninaiona, nikiamka ninaiona. Hata nikiishi miaka mia, Kocha, sitasahau hata kitu kimoja.

Twiga